LAZIMA NA HIARI KATIKA KALAMU YA OFISI

Kati ya maneno ya Kiingereza yanayoandikwa kila siku katika ofisi zetu, ni machache yenye uzito kupita umbo lake kama vitenzi visaidizi hivi vitatu: "may", "shall" na "must". Ni maneno mafupi, na mtoto wa shule huyatamka bila taabu. Hata hivyo ndiyo yanayoamua nani ana haki ya kudai na nani ameachiwa hiari ya kutoa au kunyima. Leo tunakusudia kuyajadili. Hatutaki kuwapokonya walimu wa Kiingereza kazi yao, bali tunaona kwamba katika Mikoa ya Mbeya na Iringa, kama ilivyo kwingineko Tanzania Bara, shamba la mwananchi laweza kusimama au kuanguka kwa neno moja kati ya hayo.

Tuanze na shamba hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ndiyo inayotawala ardhi anayolima mkulima wa mpunga wa Usangu, wa mahindi ya Iringa na wa kahawa ya Mbozi. Nyanda za Juu Kusini zimekuwa mstari wa mbele katika kuitekeleza. Wilaya ya Mbozi, ambayo ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya hadi Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016, ilikuwa miongoni mwa wilaya za mwanzo za majaribio ya kuwapatia wanavijiji hatimiliki za kimila. Katika Wilaya ya Iringa, kijiji cha Ilalasimba kilianza mwaka 2014 kupima mipaka ya mashamba kwa kutumia simu za mkononi, na kazi ya namna hiyo ikaendelea katika vijiji vingine vya Iringa na Mbeya. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya maneno ya sheria hii, tunazungumza juu ya karatasi ambazo wananchi wa mikoa hiyo wamezishika mikononi, na nyingine ambazo bado wanazisubiri.

Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake vitenzi visaidizi vimepangwa kwa makusudi. Pale inapozungumzia usimamizi wa ardhi ya kijiji, inasema kwa neno "shall" kwamba Halmashauri ya Kijiji ndiyo itakayowajibika, tena kwa namna ya mdhamini anayetunza mali ya wenzake. Inapozungumzia ugawaji, inatumia "shall not": Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi wala isitoe haki miliki ya kimila bila idhini ya kwanza ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Inapozungumzia maombi ya mwananchi, inarudi kwenye "shall" na kuiwekea Halmashauri siku 90 za kuyaamua. Ombi la mwanamke nalo limelindwa kwa neno hilo hilo, lisipewe uzito pungufu kuliko ombi la mwanamume lililo sawa nalo. Lakini sheria inapofikia mamlaka ya Rais ya kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla au ya hifadhi kwa manufaa ya umma, neno linabadilika na kuwa "may". Rais aweza kumwagiza Waziri aanze taratibu hizo, na aweza asimwagize.

Sasa na tumfikirie mwanamke mjane katika kijiji chochote cha nyanda hizo. Amewasilisha maombi yake na siku 90 zimepita. Anakwenda kwa Mtendaji wa Kijiji kuuliza, naye anajibiwa kwamba Halmashauri "inaweza" kulishughulikia suala lake ikipata nafasi. Mtendaji huyo pengine hana nia mbaya hata kidogo. Lakini kwa kitenzi kimoja ameigeuza amri ya sheria kuwa fadhila ya ofisi. Mama huyo aliingia ofisini akiwa na haki yake, naye atatoka akiwa na ombi tu. Hapo ndipo penye mzizi wa hoja yetu.

Wala tusidhani kwamba tofauti hiyo ni jambo la kubahatisha. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, ambayo ni Sura ya 1 katika sheria zetu, imeieleza katika kifungu cha 53. Panapotumika "may" katika kumpa mtu mamlaka, maana yake ni kwamba mamlaka hayo yaweza kutumika au yasitumike, kwa hiari ya mwenye nayo. Panapotumika "shall" katika kumpa mtu kazi, maana yake ni kwamba kazi hiyo haina budi kufanyika. Ofisa anayeichanganya tofauti hii hawezi kujitetea kwamba Kiingereza ni lugha ngumu, kwa kuwa sheria yenyewe imekwisha kumtafsiria.

Haki inatutaka tuongeze neno hapa, ili tusionekane tunaurahisisha mjadala. Katika rufani moja ya jinai ya mwaka 2006, jopo kamili la Mahakama ya Rufani liliamua kwamba neno "shall" ndani ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai lisichukuliwe kila mara kuwa amri isiyopindika. Lisomwe pamoja na kifungu cha 388 cha sheria hiyo, ambacho huuliza kama kosa lililofanyika katika utaratibu limesababisha haki ipotee. Wako wanaosikia habari hiyo wakadhani kwamba basi "shall" haina nguvu tena. La hasha! Mahakama haikusema kwamba ofisa yu huru kuacha kutenda alichoagizwa. Ilichopima ni matokeo ya kutokutenda kwake, yaani kama kila kasoro ibatilishe kesi nzima. Mtu aliyeamrishwa anabaki kuwa ameamrishwa. Funzo tunalolipata ni kwamba mwandishi wa sheria, wa kanuni au wa waraka asiishie kuandika amri. Aandike pia nini kitafuata amri hiyo isipotekelezwa.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba huenda akauliza: haya ya Mbeya na Iringa yanatuhusu nini sisi wa visiwani? Ni kweli kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji haivuki bahari kwenda Zanzibar. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Sheria yake ya Umilikaji wa Ardhi ya mwaka 1992. Lakini Kiingereza cha ofisi ni kile kile, na "may" ya Vuga haitofautiani na "may" ya Uhindini, Mbeya. Zaidi ya hayo, tunaamini kwamba watu wa visiwani wana jambo la kuwafundisha wenzao wa nyanda za juu katika somo hili, kwa sababu ngazi ya lazima na hiari wamelelewa nayo tangu utotoni.

Mtoto aliyepita chuoni Unguja au Pemba amefundishwa kwamba matendo ya mwanadamu yamo katika mafungu matano. Liko lililo faradhi, ambalo asiyelitenda ana dhambi. Liko lililo suna, ambalo kulitenda ni bora lakini kuliacha si kosa. Liko lililo mubaha, ambalo mtu yu huru nalo. Liko lililo makuruhu, ambalo heri kuliepuka. Na liko lililo haramu, ambalo limekatazwa kabisa. Hatuyataji haya kwa ajili ya kufundisha dini, ambayo ina walimu wake. Tunayataja kwa kuwa ni vigumu kupata kipimo kilicho bora zaidi cha kuvipanga vitenzi visaidizi vya Kiingereza. "Must", na "shall" ya sheria, ni faradhi. "Should" ni suna. "May" ni mubaha. "Should not" ni makuruhu. "Must not" na "shall not" ni haramu. Mwanafunzi atakayeishika ngazi hiyo, awe Mwislamu au asiwe, ataepukana na makosa mengi yanayowasumbua waandishi wa barua za Kiingereza.

Kosa la kwanza ni la kukanusha. Kwa Kiswahili twasema "si lazima ulipe", maana yake ukitaka lipa, usipotaka acha. Wako wanaoigeuza sentensi hiyo neno kwa neno wakaandika "you must not pay". Kumbe wameandika kwamba ni marufuku kulipa! Walichokitaka ni "you need not pay". "Need not" ni kuondolewa faradhi, na "must not" ni kuwekewa haramu. Fikiria sasa tangazo linalowaambia wazazi kwa Kiingereza kwamba hawalazimiki kuhudhuria mkutano wa shule, nao wanalisoma kwamba wamekatazwa kufika.

Kosa la pili liko katika "may not". Ukiandika "the applicant may not attend", msomaji mmoja ataelewa kwamba mwombaji hakuruhusiwa kuhudhuria. Mwingine ataelewa kwamba mwombaji huenda asihudhurie. Wote wawili wana haki ya kuelewa hivyo, kwa kuwa "may" hubeba ruhusa na pia hubeba uwezekano wa jambo kutokea. Aliye makini huacha neno hilo kabisa katika makatazo na kuandika "must not", au huandika "might not" pale anapokisia tu.

Kosa la tatu, ambalo pengine ndilo lililoenea kuliko yote, ni "should". Mkuu wa ofisi humwandikia mtumishi "you should report on Monday", akikusudia amri. Mtumishi mwenye Kiingereza kizuri aweza kuisoma kama nasaha, kwamba ingefaa afike Jumatatu. Asipofika, je, amevunja amri au amepuuza ushauri? Uungwana wa mwandishi umezaa mgogoro. Kama ni amri, na iandikwe "must", na uungwana ubaki katika salamu na katika maneno ya kumalizia barua.

Nyanda za Juu Kusini zina vyuo vinavyoweza kulibeba jukumu la kuwafundisha vijana tofauti hizi. Iringa iko Mkwawa, shule ya sekondari ya zamani iliyogeuzwa mwaka 2005 kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nacho hutoa walimu wanaotawanyika nchi nzima. Mbeya kiko Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Jina lake la mkato kwa Kiingereza ni MUST, yaani lazima! Wanafunzi wake hulitaja neno hilo kila siku, wakalivaa hata vifuani. Itafurahisha sana ikiwa mhandisi atakayehitimu hapo, atakapoandika masharti ya ujenzi wa daraja, atakumbuka kwamba nondo ambayo "should" kuwekwa na nondo ambayo "must" kuwekwa si nondo moja.

Baadhi ya wasomaji watatukumbusha kwamba mjadala huu umepitwa na wakati. Watasema kwamba kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, namba 1 ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho kilichofanywa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kimeachiwa nafasi panapohitajika kwa ajili ya haki. Tuliyapokea mabadiliko hayo kwa furaha na hatuna nia ya kuyapinga. Lakini kuhama nyumba si kuacha mizigo. Sheria zilizotungwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi zinapaswa kutafsiriwa, na kila "shall" na kila "may" itadai makao yake katika Kiswahili. Mfasiri asiyeitambua tofauti katika Kiingereza hataweza kuihifadhi katika lugha yetu.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Kitenzi "kuweza" tumekibebesha mizigo mitatu. Tukiandika "Halmashauri inaweza kutoa hati", hatujasema kama Halmashauri ina nguvu za kuitoa, au imeruhusiwa kuitoa, au huenda ikaitoa. Kiingereza kingegawa mzigo huo kati ya "can", "may" na "might". Vivyo hivyo wakati ujao wa "-ta-" tumeuzoea katika sheria. Katiba yetu ya mwaka 1977 inapoeleza kwamba patakuwapo na Rais wa Jamhuri ya Muungano, hakuna anayedhani kwamba inatabiri, kwa maana mahali pale penyewe panaonyesha kuwa ni amri. Lakini maneno "Halmashauri itaamua katika siku 90", yakibandikwa katika ubao wa ofisi ya kijiji, yaweza kusomwa kama ahadi. Wahenga walisema ahadi ni deni, nasi tunajua jinsi madeni yanavyocheleweshwa. Ingefaa zaidi kuandika "ni lazima iamue" au "haina budi kuamua", mdai asipate shaka na mdaiwa asipate mwanya.

Hatukosi maneno. Tunayo lazima, sharti, budi, wajibu, kupasa, kubidi, kustahili, kufaa, ruhusa, hiari na marufuku. Mengine yameingia kwa njia ya pwani, na yote yameenea bara kiasi kwamba mzee wa Tukuyu na mzee wa Tosamaganga huyatumia bila kuuliza yalikotoka. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928. Kwa hiyo BAKITA na BAKIZA, kila moja upande wake, zina uwezo wa kukaa pamoja na wanasheria na kukubaliana neno gani lisimame badala ya lipi, kisha neno hilo lishikwe katika kila sheria, bara na visiwani.

Kama yuko anayeona kwamba tunakuza jambo dogo, na ayaangalie yaliyowapata majirani zetu wa Ethiopia. Tarehe 2 Mei 1889 Mfalme Menelik wa Pili alitia sahihi Mkataba wa Wuchale na Italia, ulioandikwa kwa Kiamhara na kwa Kiitalia. Ibara ya 17 kwa Kiamhara ilimpa Menelik hiari ya kuitumia serikali ya Italia katika mawasiliano yake na mataifa mengine. Waitalia waliisoma nakala yao kuwa inamlazimisha, wakaitangazia Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya ulinzi wao. Menelik aliukana mkataba huo mwaka 1893. Vita vikafuata, na tarehe 1 Machi 1896 majeshi ya Italia yakashindwa huko Adwa. Maelfu ya watu walikufa, na Oktoba ya mwaka huo mkataba ule ukafutwa. Bila shaka tamaa ya kutawala ndiyo iliyokuwa moto wenyewe, lakini kuni zake zilikuwa tofauti kati ya aweza na alazimika.

Mataifa mengine yamejifunza kujihadhari. Waliotunga Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 waliacha "shall" waliyoizoea katika katiba ya mpito ya mwaka 1993, wakaandika "must", ili hata mwananchi asiyekuwa mwanasheria aielewe amri anapoiona. Hatusemi kwamba nasi tuige kila kitu. Tunasema kwamba wao walikaa chini wakalichagua neno lao, nasi hatuna budi kuchagua letu badala ya kuliokota njiani.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wa Serikali, kuanzia mikoani hadi vijijini, kwamba kabla ya kutia sahihi barua, tangazo au waraka, wajiulize maswali matatu. Ni nani anayebanwa na sentensi hii? Je, amebanwa kweli, au ameshauriwa tu, au ameachiwa hiari? Na asipotenda, nini kitatokea? Mwandishi akishayajibu maswali hayo moyoni mwake, kitenzi chenyewe kitajileta, kiwe cha Kiingereza au cha Kiswahili. Akishindwa kuyajibu, basi tatizo haliko katika lugha, bali katika uamuzi ambao bado haujafikiwa. Barua kama hiyo ni afadhali ingoje.

Na kwa wananchi tunasema hivi: mnapopewa karatasi ya ofisi, tafuteni kwanza kitenzi chake. Mkikuta hiari, ombeni kwa adabu. Mkikuta lazima, dai lenu ni halali, na adabu haiwazuii kudai. Mama yule tuliyemtaja, ambaye siku zake 90 zimepita, hahitaji kumbembeleza Mtendaji. Anachohitaji ni kumwonyesha neno lililoandikwa, na Mtendaji anapaswa kulijua neno hilo kabla mama hajafika mlangoni.